Nilivyotolewa Badala ya Ng'ombe

Shule niliishia darasa la nne, lakini haya sihitaji kufundishwa na mtu. Waliommaliza mama yangu nawajua. Ni baba yangu mzazi, na ni mjomba, kaka yake mama wa tumbo moja. Baba yuko kaburini. Mjomba nikikutana naye namwambia shikamoo kwa sababu nalazimika.

Kwetu ni upande wa Ikungi, tulikaa kwenye tembe. Baba na mama walikuwa hawasemeshani, maneno yao yanapita kwangu.

"Mwambie mama yako chumvi imezidi."

Mama yupo hapo hapo, anasikia. "Mwambie baba yako ajipikie."

Naogopa kusema, naogopa na kunyamaza, maana nikinyamaza baba anainuka. Na baba akiinuka ni mkono, si mdomo.

Siku ya kupura mtama baba alimpiga mama mbele ya wanawake waliokuja kutusaidia kazi. Mama alijifuta damu, akanishika mkono, tukaenda kwao kwa miguu. Alitembea haraka mpaka mimi nikawa nakimbia.

Mjomba hakutupa hata maji.

"Dada, umekuja kutembea au umekuja kukaa?"

"Nimekuja kukaa."

"Haya. Na ng'ombe je?"

Ng'ombe wa mahari ya mama ndio hao hao mjomba aliwatoa akaoa mkewe. Mama akimwacha mume, ng'ombe wanadaiwa. Mjomba akacheka, akamnyooshea kidole mkewe aliyekuwa anasonga ugali. "Au nimfunge kamba huyu nimswage kwa shemeji?"

Mkewe naye akacheka. "Wifi, usiniponze. Mimi hapa nimeshazoea."

Baba akaja na wazee wake. Wakakaa uani, mimi nimejibanza nyuma ya mama, nimeng'ang'ania kanga yake. Maneno yakaenda, yakarudi. Na aliyesema lile neno hakuwa baba, alikuwa mjomba.

"Shemeji, tusumbuane ya nini? Mtoto si yupo? Chukua mtoto, habari ya ng'ombe iishe."

Wazee wakasema hapo kasema kweli, ndiyo desturi, mtoto akibaki kwa baba ng'ombe hawarudi. Hakuna aliyemuuliza mama. Mimi ndiyo kabisa.

Baba akanibeba, akaniweka nyuma ya baiskeli. Nikapiga kelele. Sasa mama alikuwa huru, angebaki kwao, asingeguswa tena na yule mtu. Akamtazama mjomba. "Kaka, umenimaliza." Akajifunga kanga kiunoni, akaifuata baiskeli.

Baba hakugeuka. Kwenye mchanga akishuka kusukuma, mama anakaribia. Njia ikiwa nzuri anapanda, mama anabaki nyuma mpaka namwona kama kijiti.

"Baba, tumsubiri mama."

"Nani kamwita?"

Mama alifika jua linazama, vumbi hadi kwenye kope. Mguu wangu ulikuwa umechubuliwa na spoku. Akaupapasa, akaupulizia. Kisha akachukua ndoo, akaenda kisimani.

Alikaa na mume yule mpaka siku mama mwenyewe alipokufa. Kwenye msiba walisimama watu wa pande zote mbili, na mjomba akiwemo, wakamsifu kwamba alikuwa mwanamke mvumilivu wa ndoa. Niliwasikiliza mpaka mwisho. Mama yangu hakuvumilia ndoa ya mtu. Alinifuata mimi.