Ufagio wa Mwenye Gesti

Asubuhi ile niliondoka Kilosa bila mpango, nikapewa lifti na lori la mahindi, nikashuka Mikumi kwa sababu dereva alishuka kula. Nikitafuta chumba, nikakuta ubishi mbele ya gesti moja. Mwenye gesti, mama wa makamo, alikuwa ameajiri kampuni ya bustani ya hapohapo impandie mimea isiyotaka maji mengi, maana bomba lake hukauka mara kwa mara. Walimpandia mishubiri na maua, wakafunika udongo kwa nyasi kavu. Lakini kila alfajiri mama alizifagia nyasi hizo, na sasa miche ya maua ilikuwa inanyauka.

"Mama, unatuajiri mchana, alfajiri unatufukuza kwa ufagio!" fundi wao alilalamika.

"Wageni wangu waamkie takataka mlangoni? Watasema hapa anakaa mvivu."

Sikuweza kupita tu. Nilimwamkia mama, nikachomeka kidole chini ya nyasi zilizobaki kwenye kona. Udongo ulikuwa na unyevu. Hatua moja pembeni, ulikuwa vumbi tupu. Mama naye akainama, akachomeka chake.

"Basi nitafagia njia tu," alisema. "Lakini hizo nyasi zizungushieni mawe, zionekane zimewekwa na mtu."

Fundi akacheka, akaenda kutafuta mawe.

"Na wewe mwenye kidole, unatafuta nini?"

"Chumba, mama."

"Kipo. Nawia hapo kwenye mshubiri, maji yasipotee bure, nikuletee ufunguo."