Masasi ya Arusi ya Sylvie

Siku ile watu karibu mia mbili tulicheza masasi ya kweli, ya bunduki. Tuliinua mikono juu, tukapiga vigelegele.

Mimi pia. Niko na miaka sabini na moja, na nilicheza.

Munisikilize polepole, maana sipendi kuruka kitu. Shule niliiacha darasa la tano, lakini macho yangu hayakuacha kusoma.

Mujukuu wangu Apolline ni dijei. Nilimulea mimi. Alijifunzia kazi kwenye sebule yangu, na redio mbili za marehemu bwana yangu.

Yeye anachanganya kwa utulivu. Kaske ya kusikilizia muziki anavaa sikio la kushoto tu, lile lingine anawaachia watu. Wimbo unatoka, mwingine unaingia, wala hujui ulibadilika saa ngapi.

Kwangu mimi ni kama wanawake wawili wanapokezana mutoto wa mugongo. Wa kwanza hafungui kitenge mpaka wa pili amemushika vizuri.

Lakini Goma ilikuwa ya Prodige, dijei mwingine.

Prodige yeye ni efe tu, milio anaingiza katikati ya wimbo. Honi ya lori, sirene, kioo kinavunjika. Na masasi. Ta-ta-ta-ta. Wimbo unakatwa mara tano kabla haujafika katikati, na vijana wanapagawa.

Kwenye ubatizo mumoja kule Kibumba, mulevi alimuuliza Apolline kama anaweka muziki ao anasomesha misa. Kabla hajajibu, chupa ilimupasukia kwenye nyusi. Walimushona nyuzi sita. Blauzi yake niliifua mara tatu, damu ikabaki kwenye kola kama kutu.

Nyuma ya ile siku, Apolline akaweka sauti ya masasi kwenye mashini yake.

Ndipo ikafika arusi ya Sylvie, binti ya mudogo wangu. Ilikuwa mutaa wa Himbi, chini ya hema nyeupe, saa kumi ya muchana.

Mulangoni alikuwa Sikuli, zamu, mulinzi wa ile parcelle, kile kiwanja cha arusi. Nilimupelekea sahani ya fufu na samaki, kichwa cha samaki kikiwa juu, maana alikuwa mutu muzima. Akanishukuru, akaniambia kama kuko shida atagonga lile geti la chuma na jiwe, mara tatu.

Apolline akapiga masasi ya kwanza.

Watu mia mbili tulianguka chini. Sisi watu wa Goma hatuulizi. Mwili unalala kabla ya akili. Mama mumoja aliungua mukono kwenye sufuria ya sombe. Muzee mumoja alivunja jino kwenye jiwe la lava.

Prodige alikuwa kati ya waalikwa, yeye peke yake amesimama, anacheka.

"Simameni, ba muzee. Ni efe tu."

Tukapanguza vumbi. Haya ikageuka kicheko. Wakamuomba Apolline arudilie. Mara ya pili walilala wachache. Mara ya tatu hakulala mutu, tuliinua mikono.

Prodige akaegemea meza ya Apolline. "Karibu kwetu, sista. Misa imeisha."

Apolline hakucheka.

Kisha nikasikia geti linagongwa. Moja, mbili, tatu. Nikafikiri ni efe mupya.

Ta-ta-ta.

Mikono juu. Vigelegele. Nikaona kaduara kadogo ka jua kanaanguka juu ya keki, nikasema moyoni: wamepamba vizuri. Kumbe ni tundu kwenye hema.

Apolline alikuwa amekauka. Kidole chake hakikuwa kwenye kifungo. Na yale masasi, aliniambia kisha, yalianguka nje ya mapigo ya ngoma.

Akazima kila kitu.

Kwenye ule ukimya masasi yakalia tena. Sasa tulilala, wote, bila kuambiwa.

Wanaume wane waliingia, nyuso zimefungwa vitambaa. Walitaka simu na pete. Bwana arusi alichelewa kuvua yake, wakamupiga teke la mudomo mpaka shati nyeupe ikawa nyekundu. Mumoja akaenda moja kwa moja kwenye meza ya muziki.

"Nani alizima?"

Muziki ulikuwa unawafunika, munaona.

"Ni miye," Apolline akasema.

Yule mwizi akalaza mukono wa kuume wa Apolline juu ya mashini, akaupiga na kitako cha bunduki. Mara tatu. Nilikuwa chini, mita mbili, uso kwenye kokoto. Nilisikia mifupa.

Alipoinua mara ya ine, sufuria moja ikalia kwa jirani.

Pale kwetu, mwizi akiingia, jirani anapiga sufuria. Ukimya ndio ulikuwa umewaambia majirani kama masasi ni ya kweli. Nyumba ya pili ikapokea, ya tatu, mpaka barabarani. Moja haikuacha kabla ingine haijashika.

Wakakimbia.

Sikuli alikuwa amelala chali getini, jiwe lingali kwenye mukono, kifua kimepasuliwa na masasi. Alikufa njiani kwenda hospitali. Sahani ilikuwa pembeni, kichwa cha samaki hakijaguswa. Alikuwa amekiweka cha mwisho.

Apolline alikatwa vidole viwili hospitalini. Leo anachanganya na mukono wa kushoto, wimbo kwa wimbo, bila efe hata moja. Juzi Prodige alikuja kukaa nyuma yake muchana muzima, anaangalia namna anafanya.

Sasa niseme ile niliyowaficha.

Apolline hakutaka yale masasi. Alikataa siku tatu. Mutu aliyemusukuma, kila asubuhi na chai, ni mimi. Nilimwambia, "Weka nawe, mutoto wangu, wasikupasue tena."

Hayo yote nilimwambia muke ya Sikuli, nikiwa nimepiga magoti. Alinipa kiti.

Wenye kuweka muziki, munisikie. Kwenye muji ambapo masasi husema kweli, musiyafundishe kudanganya. Siku yatakaposema kweli tena, mutakuwa munacheza.