Mtoto wa Karibu na Lango

Obedi Malogo ni Mgogo wa Bahi, mimi ni Mhehe wa Iringa, kwa hiyo nina haki ya kumsema nitakavyo naye hana haki ya kununa. Ndivyo utani wa makabila yetu ulivyo. Yeye hutangaza mbele za watu kwamba sisi Wahehe mboga ikiisha tunaanza kumtazama mbwa. Mimi humjibu kwamba babu yake alizaliwa ameshika kopo la kuombea. Tukishamaliza kutukanana, anakunywa chai yangu, anakula vitumbua, anachukua brashi zake na kwenda kazini. Watumishi wa serikali waliohamia hapa Miyuji kutoka mikoa isiyojua mambo haya hudhani leo ndiyo leo, tutashikana mashati.

Kazi ya Obedi ni kuchora kuta za biashara. Saluni ikifunguliwa, yeye ndiye anayechora mwanamke aliyesukwa vizuri. Zahanati, anachora mama na mtoto. Bucha, anachora ng'ombe, na kwa ng'ombe hana mpinzani mji mzima. Alikulia zizini. Alipokuwa mdogo alichora ng'ombe wa baba yake kwa mkaa kwenye kuta za tembe lao, mama yake akamchapa, kisha akamwomba achore mwingine karibu na mlango, maana alikuwa amependa. Kila ng'ombe alikuwa na rangi yake, doa lake na pembe zake, na Obedi hakuwahi kumpa mmoja rangi ya mwingine. Kuna mzee alikuja kutoka Bahi, akasimama mbele ya bucha ya huku Miyuji na kudai aambiwe nani aliyewauzia ng'ombe wake. Ilibidi aelezwe kwamba ile ni picha tu, na fundi aliwahi kuchunga jirani na zizi lake.

Yeye na mkewe Gladness, anayefanya usafi kwenye mabweni ya wanafunzi kule Chimwaga, walikaa miaka mingi bila mtoto. Walipokata tamaa ndipo akaja Edina. Ni mweusi kama bibi yake mzaa baba, weusi ule wa kung'aa, akipakwa mafuta asubuhi unaweza kumtazama mpaka ukaunguza vitumbua. Obedi anampenda kupita kiasi, na nasema hivyo bila utani. Humwita "mama". Hubeba mfuko wa brashi begani na mtoto mgongoni, na akiulizwa kwa nini mtoto mkubwa vile habebwi na mama yake, anajibu kwamba mgongo ni wake, hajaazima.

Mji ulipoanza kujaa watu, shule za chekechea nazo ziliota kila mtaa, na kila moja lazima iwe na ukuta uliochorwa ili ivute wazazi. Madam Violeth, mwanamke wa Bukoba, mchapakazi, mwenye sauti ya kutosha viwanja viwili, akajenga ya kwake ng'ambo ya barabara, mkabala na jiko langu. Akamwita Obedi. Edina alikuwa ameshaandikishwa kuanza hapo, na habari kwamba baba yake ndiye anayechora ukuta wa shule yake ilimfanya atembee mtaani kama mkuu wa wilaya.

Nilikuwa napeleka chai siku Madam alipotoa simu kuonyesha anachotaka. Kwenye picha walikuwepo watoto wameshikana mikono: msichana wa Kizungu mwenye nywele za manjano, mvulana wa Kichina, msichana wa Kihindi, na mwishoni mvulana mmoja chotara mwenye nywele za kujiviringisha.

"Nataka watoto wa rangi zote za dunia," akasema Madam. "Mzazi akipita ajue hapa si pa mchezo."

Obedi akaitazama simu muda mrefu. "Na mweusi, Madam?"

"Si huyo hapo wa mwisho?"

"Huyu ni chotara."

"Huyo anatosha, fundi. Biashara matangazo. Wa kwetu tunao kila siku, nani atamshangaa?"

Obedi hakubishana. Ana tabia hiyo, akipewa kazi huinamisha kichwa na kuifanya. Akafungua kopo ambalo mafundi wenyewe huliita rangi ya mwili, ile inayofanana na pichi lililoiva, akaanza na yule msichana wa Kizungu. Mwili wa nani, wala sikuuliza.

Kila jioni Edina alikaa juu ya kopo lililopinduliwa akimtazama baba yake.

"Baba, mimi unanichora lini?"

"Subiri, mama. Nimalize hawa kwanza."

Alisema hivyo kwa sababu hakuwa na la kusema, nami nilijua. Mtoto hakujua. Alilichukua neno la baba yake kama lilivyo na kulieneza mtaa mzima. Aliniambia mimi, akamwambia muuza mkaa, akawaambia wenzake wote kwamba atachorwa kwenye ukuta wa shule. Wenzake wakamwonea wivu.

Ukuta ukaisha. Ulipendeza, lazima niseme. Sina ugomvi na mtoto wa Kizungu wala wa Kichina, wale ni watoto wa watu na Obedi aliwachora kwa upendo, kila mmoja na sura yake na vishimo vyake vya mashavuni. Lakini nilikuwa nikimngoja Edina atokee analia, nikawa hata nimemtengea kitumbua chenye iliki nyingi.

Akaja anacheka.

"Shikamoo mama Raphael. Umeniona ukutani?"

"Marahaba. Nikuone wapi, mwanangu?"

Akaninyooshea kidole ng'ambo ya barabara, kwa yule msichana wa nywele za manjano. "Yule pale. Yule ni mimi nikishaanza shule. Baba kanichora nikishatakata."

Nilitaka kucheka, kicheko kikagoma. Nikageuza vitumbua ambavyo havijaiva hata chini.

"Nani kakwambia hujatakata?"

"Hakuna. Nimejua tu mwenyewe."

Na alikuwa na furaha anaposema hivyo, hicho ndicho kilichonikata maini. Angelia ningemfuta machozi. Sasa mtoto anafurahi, unamfuta nini? Alikula kitumbua chake, akanishukuru, akavuka barabara kwenda kujitazama tena.

Mtu mwingine ningemwita pembeni na kumwambia taratibu. Ila Obedi ni mtani wangu, na mtani haambiwi pembeni. Hata msibani, mtani ndiye anayeruhusiwa kulisema lile ambalo ndugu wanalimeza. Analisema mbele ya watu, watu wanacheka, na aliyesemwa haruhusiwi kukasirika bali kulibeba. Nikangoja siku ya ufunguzi.

Siku hiyo wazazi walijaa. Madam Violeth alivaa kitenge kipya, muziki ukapigwa, Obedi akaja na shati lililonyooshwa, amemshika Edina mkono, Gladness nyuma yao. Watu walipokuwa wanausifu ukuta, nikavuka barabara na upawa wangu.

"Mbukwa, Mgogo!" nikapaza sauti, nikimsalimu kwa Kigogo. "Nani kakufundisha kuchora?"

"Mbukwa, mla mbwa!" akajibu, ameshaanza kucheka. "Umefuata nini, mboga imeisha?"

"Nimefuata kukuaibisha. Jamani wazazi, mtazameni mtu huyu! Ng'ombe wa Bahi anawajua mmoja mmoja. Yule mwekundu wa paji jeupe, yule wa kijivu mwenye doa sikioni, hata mwenye ng'ombe akipita anamtambua wa kwake. Lakini mtoto wake mwenyewe hajui ana rangi gani!"

Watu wakaangua kicheko. Madam Violeth akaja mbio, akajiweka katikati yetu na mikono ameinyoosha. "Jamani, jamani! Msigombane mbele ya wazazi!"

"Ni utani, Madam," baba mmoja akamwambia. "Hao ni watani, waache."

"Kama nasema uongo," nikaendelea, "mwulize mwanao yuko wapi ukutani."

Obedi bado anacheka, akainama. "Haya mama, mwonyeshe huyu Mhehe. Uko wapi?"

Edina akauachia mkono wa baba yake, akakimbia, akaenda kusimama chini ya msichana wa nywele za manjano. Akanyoosha gauni lake, akatulia kama anayengoja kupigwa picha.

Kicheko kikafa. Gladness akafunika mdomo kwa kanga. Obedi alibaki ameinama vilevile. Karibu yangu alikuwepo baba wa Kihindi mwenye duka la mabati. Binti yake alikuwa ameshajitafuta na kujikuta, amesimama chini ya msichana wa Kihindi anachekelea, wala hakuna aliyemwelekeza. Ndivyo inavyotakiwa kuwa.

Obedi akainuka. "Madam, yupo mmoja hajachorwa."

"Fundi, kazi imekwisha. Nilikuambia, wazazi wanataka kuona—"

"Wazazi ndio hawa, Madam."

Madam akageuka na kuwatazama. Walikuwa weusi wa kila aina, weusi wa Bahi, maji ya kunde wa Kilimanjaro, na katikati yao yeye mwenyewe na kitenge chake. Hakuna aliyemsaidia. Nikaona nimsaidie mimi.

"Kizuri chajiuza, Madam."

"Nafasi iko wapi?" akauliza, sauti imeshuka.

Obedi akaonyesha. Yule mvulana wa mwisho, chotara, mkono wake mmoja ulimshika mwenzake na mwingine ulikuwa umenyooka kuelekea lango, haujashika kitu.

Madam akashusha pumzi. "Mchore. Ila avae sare yangu. Na soksi nyeupe."

Kesho yake Obedi akaanza, na akaanza vibaya. Alifungua kopo la rangi nyeusi akaipaka kama ilivyo, miaka yote ya ufundi imemtoka kichwani. Uso ukaonekana kama tundu ukutani. Nilimwona akirudi nyuma hatua chache, akauma mdomo. Edina alikuwa juu ya kopo lake anatazama.

"Baba," akasema, "huyo amezima."

Obedi akachukua kitambaa cha mafuta ya taa na kufuta chote. Akakaa chini kama aliyesahau alichojia. Kisha akamwita.

"Mama, leta mkono."

Edina akaweka mkono wake juu ya ukuta. Obedi akachukua ubao wake, akachanganya nyekundu ya matofali na nyeusi kidogo, akapaka tone pembeni ya mkono, akatazama. Bado. Akaongeza manjano. Bado. Akadondosha buluu, kidogo kama ncha ya sindano, na kitu kikabadilika, ikawa kama damu imeingia.

"Nyekundu tena, baba," Edina akaamuru. Ameshakuwa msimamizi.

"Nyekundu tena," Obedi akakubali.

Walifanya hivyo mchana kutwa, vidole vya mtoto vimechoka lakini hataki kuuondoa mkono. Mwishowe Obedi akapaka tone jingine, na nikavuka barabara kutazama kwa karibu maana sikuamini macho yangu. Hukuweza kuona mkono unaishia wapi na ukuta unaanzia wapi. Edina alitazama mkono wake, akatazama ukuta, akautazama tena mkono, akaugeuza mbele na nyuma. Akaunusa. Halafu akaubusu, haraka, kama anayeiba.

Obedi alilia. Alidai ni mafuta ya taa yamemwingia machoni. Nikamwambia Mgogo hata kulia anaomba sababu, ila mimi mwenyewe nilikuwa nasema hivyo nimegeukia barabarani ili asinione.

Alipomaliza, alikuwepo mtoto wa karibu na lango, mwenye sare ya Madam na soksi nyeupe, meno yamepishana kidogo mbele, anacheka na kila anayeingia. Yule chotara akapata wa kumshika mkono. Mkono wake mwingine upo chini, usawa wa watoto, kiganja kikiwa wazi.

Shule sasa ina watoto wengi, na Madam Violeth anaapa kwamba wazo lilikuwa lake. Mimi nauza vitumbua palepale na naona kila kitu. Asubuhi mtoto mgeni akiletwa analia, ameng'ang'ania gauni la mama yake, hufika langoni akamwona yule wa ukutani. Anauweka mkono wake juu ya ule mkono wa ukutani, anapima, kisha anaingia. Wanafanya hivyo wa rangi zote, na binti wa mwenye mabati naye, japo wake haulingani. Hakuna mwalimu aliyewafundisha.

Kwa ajili hiyo Obedi hurudi kila shule inapofungwa, na Edina humpa mkono wake achanganye upya. Wale wengine ukutani rangi yao bado ni ileile ya siku ya kwanza, vumbi tu limewakaa. Ni Edina peke yake anayefutika kwa kushikwa.