Bima ya Chai ya Yusra

Mwalimu Hajira Mhina aliingia dukani kwa Ernesti, mjini Korogwe, saa nne asubuhi, akavuta kiti bila kukaribishwa, akafungua daftari. Alikuwa ameandika maswali kumi na moja. Ndivyo walivyo walimu wastaafu, jamani. Hata kitumbua hawali mpaka wakisahihishe kwanza.

"Shikamoo, mwalimu," alisema Ernesti akitoka nyuma ya kaunta. Ernesti ni mtu mzima sasa, ana kipara na ana watoto wa kumwita baba, lakini Hajira alimfundisha darasa la nne kule Kabuku, na machoni pake bado ni yule mtoto aliyehamia kutoka kambi ya mkonge ya Mazinde akiwa hajui kugawanya.

"Marahaba. Nataka kompyuta. Na usiniuzie maneno, niuzie kompyuta."

Tangu astaafu, Hajira anachapa mitihani ya majaribio ya shule tatu za msingi. Kazi yenyewe si ya kutajirisha mtu, ila inampa sababu ya kuamka. Kompyuta yake ya zamani ilikuwa imekata roho juma lililotangulia, baada ya kuugua tangu Desemba: herufi nyingine zinagoma, nyingine zinajiandika zenyewe kama zina mashetani.

"Ilipatwa na nini?" aliuliza Ernesti.

"Chai," alijibu Hajira, akageuza ukurasa.

Hakutaka kueleza zaidi, na mimi simlaumu. Lakini wewe lazima ujue, maana bila hiyo chai utamwona mama wa watu ana wazimu.

Hajira anaishi Kilole, nyumba ya vyumba vinne, peke yake. Mumewe alifariki miaka minne iliyopita. Mtoto wao ni mmoja tu, Mustapha, yuko Dar es Salaam na mkewe Munira na binti yao Yusra, wa miaka sita. Kila Desemba walikuwa wakija, na wakija nyumba inapona. Kwa Wazigua, kama kwa wengi wa huku, bibi na mjukuu ni watani. Hajira alimwita Yusra mke mwenza, na Yusra hakuwahi kumwamkia bibi yake kwa heshima hata siku moja. Alikuwa akishuka tu kwenye gari anapiga kelele, "Babu alinipenda mimi! Wewe ulikuwa mpishi tu!" Na Hajira anajibu, "Toka nyumbani kwangu, mke mwenza! Rudi kwenu!" Kisha wanacheka mpaka majirani nao wanacheka. Hiyo ndiyo ilikuwa salamu yao, asubuhi na jioni.

Basi Desemba iliyopita Hajira alikuwa anachapa mtihani wa darasa la saba, maswali arobaini, hajahifadhi hata moja. Yusra akamletea bibi yake kikombe cha chai ya maziwa. Hakutumwa na mtu. Aliimimina mwenyewe, akakibeba kikombe kwa mikono miwili, ulimi nje kwa umakini, akajikwaa kwenye waya wa chaji. Chai yote ikaingia kwenye kibodi.

"Toka nyumbani kwangu, mke mwenza! Rudi kwenu!"

Maneno yalikuwa yale yale ya kila siku. Sauti ndiyo haikuwa ya utani. Mtoto alimtazama bibi yake usoni, akitafuta kicheko, hakukiona. Alisimama pale na kikombe kitupu, kisha akaenda jikoni kwa mama yake taratibu, bila kulia. Loo, afadhali angelia!

Munira alikuwa amesikia. Ni mtoto wa watu aliyelelewa vizuri, hakupandisha sauti. Kesho yake asubuhi waliingia kwenye gari lao wakaondoka, siku nne kabla ya siku waliyopanga, na aliloliacha mlangoni ni hili tu: "Mama, tusije tukakuharibia vitu vingine." Hajira alikuwa na nafasi ya kusema neno. Hakusema. Alikuwa bado anauwazia mtihani wake, mjinga yule, nasema mjinga kwa mapenzi.

Idd ikapita, hawakuja. Likizo ya Juni ikapita. Kila akipiga simu, Mustapha anasema kazi zimebana, mama. Sasa ilikuwa Novemba, na Hajira hakuwa na haja nyingine duniani ila gari lile lisimame tena mlangoni kwake Desemba.

Ernesti alimwekea kompyuta mbili mezani. Ya kwanza mpya kabisa, RAM gigabaiti kumi na sita, diski kubwa ya kasi, kioo kipana. Ya pili imetumika kidogo, RAM nane, diski nusu ya ile, kioo kidogo.

Hajira aliuliza maswali yake yote kwa mpangilio. Betri inakaa saa ngapi umeme ukikatika? Ile kubwa saa nane, ndogo tano. Mafaili ya zamani yatafunguka? Yatafunguka. Kwa kuchapa tu, hiyo RAM kumi na sita ni ya nini? Ernesti akacheka, akasema kwa kuchapa hata nane inatosha, ila kwa macho yake mwalimu, achukue kioo kikubwa.

"Kweli, macho yangu yamechoka," alisema Hajira, akaivuta ile kubwa karibu. Aliipenda. Aliandika jina lake, akaliona bila miwani.

"Halafu kuna bima ya ajali," Ernesti aliendelea. "Miaka miwili. Ikianguka, kioo kikipasuka, ikimwagikiwa maji au chai, inatengenezwa bure. Wizi haumo."

Zamani Hajira angemfukuza mtu wa namna hii. Alikuwa akisema kulipia ajali kabla haijatokea ni kuiita kwa jina. Leo aliweka kalamu chini.

"Hata mtoto akimwaga?"

"Hasa mtoto. Lakini nikwambie ukweli, mwalimu, wewe sitaki kukukamua. Bima hii nawauzia wenye watoto. Nyumbani unakaa na nani?"

"Peke yangu."

"Basi achana nayo! Nani atakumwagia?"

Alisema kwa wema, tena huku anatabasamu. Hajira alihisi kama ameulizwa mbele ya darasa zima swali ambalo jibu lake analijua ila anaona aibu kulitamka. Alihesabu pesa zilizomo mkobani, hazikutosha ile kubwa na bima pamoja, akaisukuma ile kubwa kando.

"Nipe ile ndogo," alisema mwishowe. "Uongeze bima."

"Mwalimu! Unapunguza mashine ili ununue ajali?"

"Ndiyo."

Fomu ya bima iliuliza watumiaji wengine wa kompyuta nyumbani. Wengi huacha wazi. Hajira aliandika kwa mwandiko wake wa ubaoni: Yusra Mustapha, mjukuu, miaka sita. Ernesti alisoma, akauliza kama mtoto anakaa naye hapo Kilole.

"Anakuja," alisema Hajira.

Baada ya swala ya alasiri alikaa sebuleni, akampigia Mustapha. Alikuwa amejipanga njia nzima, ameyaweka maneno sawasawa. Hakutaka habari za kazi zilizobana. Alisema, nipe mke mwenza.

Simu ikapita mkono hadi mkono. Hajira akasikia pumzi ndogo.

"Mke mwenza! Bado tu unajidai babu alikupenda wewe? Haya, nimenunua kompyuta mpya, ina bima! Njoo uimwagie chai. Mwaga hata uji, mwaga hata mchuzi wa samaki, wataitengeneza bure!"

Akacheka peke yake, anasubiri tusi lake. Upande wa pili Munira alinong'ona kitu.

"Shikamoo, bibi," alisema Yusra.

Hajira ameitikia shikamoo za watoto maelfu, darasa linasimama zima. Hakuna iliyowahi kumuuma.

"Marahaba. Yusra, ni mimi. Mke mwenza wako."

"Ndiyo, bibi."

"Mtakuja Desemba?"

"Sijui. Tukija sitagusa kitu, bibi."

"Hapana, mama, gusa! Sikiliza. Siku ile bibi alikosea. Ule haukuwa utani, nilikasirika kweli, na nilikosea. Unisamehe."

Ukasikika mnong'ono mwingine.

"Mama amesema niseme sawa," alisema mtoto.

"Haya," alisema Hajira. Alitaka kuongeza kitu, chochote, mradi simu isikatwe, akajikuta anauliza yuko darasa la ngapi sasa. La kwanza, bibi. Akamwambia asome kwa bidii na awasikilize walimu wake, kama alivyowaambia watoto wa watu kwa miaka thelathini na nne. Yusra akasema ahsante, bibi, akamrudishia baba yake simu.