Sikuizima Swichi

Sheria ya mashine ya kunolea nimeirudia mpaka majirani zangu hapa sokoni Bwera, mpakani, wananiigiza na kucheka: umeme ukikatika, zima swichi kwanza, mengine baadaye. Umeme wetu hukatika bila kuaga na hurudi bila kubisha hodi. Jiwe likianza kuzunguka halijui kisu ni kipi na kidole ni kipi. Nimekula kwa mashine hii miaka mingi, na bado naiogopa.

Siku hiyo nilikuwa nimewaka. Hajji mmoja mwenye bucha aliniletea kisu, nikamnolea, akakipitisha kwenye ukucha na kusema eti hakikati. Kisu kinang'aa vile! Nikamwambia, "Hajji, kama nyama yako ni ngumu, usinisingizie mimi." Akajibu, nikajibu. Katikati ya maneno umeme ukakatika, jiwe likapunguza mwendo, likasimama. Hajji akaondoka akinung'unika. Nami nikaona heri nivuke barabara ninywe chai, nisije nikamfuata.

Kibandani kwangu alibaki mzee tunayemwita papa, yaani baba, seremala Mkongomani aliyekimbia vita kule Beni na mkewe na watoto watano. Patasi zake hamwachii mtu. Hunoa mwenyewe kwa mashine yangu, na mimi humruhusu, maana mkono wake ni mwepesi kuliko wangu.

"Mama," aliniambia nikitoka, "hii jiwe inakwaruza sana. Nabadilisha, naweka ile laini."

"Badilisha, papa," nikasema, wala sikugeuka.

Chai ililetwa. Nilikuwa bado nabishana na Hajji kichwani, mara mashine za kukausha nywele kwenye saluni iliyo kando ya mgahawa zikaanza kuvuma na wasichana wakapiga kelele, "Umerudi!" Mtaani kwetu kila mtu anajua: nyaya za upande ule wa barabara ni nyingine. Wao hupata kwanza, sisi tunafuata, pengine baada ya dakika tatu, pengine kabla hujameza mate.

Hapo ndipo nilipojiuliza kama nimezima. Nikajaribu kukumbuka mkono wangu ukiwa kwenye swichi. Nilichokumbuka ni mkono huo ukimwonyesha Hajji njia ya kwenda kwake. Ya Allah! Na ili kulifungua jiwe, fundi hulikumbatia kwa mkono wa kushoto lisizunguke, wa kulia usukume spana. Vidole vyote vya papa vilikuwa pale.

Kwa kelele za barabara asingenisikia. Nikakimbia. Boda ilifunga breki mbele yangu, dereva akanitukana mimi na ukoo wangu wote, sikusimama. Nilimwona papa ameinama, kiganja cha kushoto kimelishika jiwe sawasawa, nati imemkatalia, anasukuma kwa uzito wa mwili wote. Nikaukamata waya wa mashine kwa mikono miwili nikauvuta, plagi ikatoka ukutani pamoja na kipande cha soketi.

Balbu juu ya kichwa chake ikawaka.

Papa akaitazama balbu, akaitazama plagi mkononi mwangu. Halafu akavitazama vidole vyake, akavikunja na kuvikunjua kimoja kimoja, akakaa chini palepale kwenye vumbi la chuma.

"Mama, ulijua namna gani?"

"Moyo uliniambia," nikasema. Nilikuwa nimeegemea mashine, na kwa kiwiko nikaizima swichi taratibu asinione.

"Mimi mujinga," akasema. "Sikuangalia swichi. Pengine niliigusa mwenyewe."

Ningeweza kumwambia wakati ule. Nilikuwa naogopa, nikanyamaza, na kila siku niliyonyamaza iliifanya iliyofuata kuwa ngumu zaidi.

Jumapili, walipotoka misani, papa alikuja kibandani na mkewe na watoto wote watano, wamevaa nguo za kanisani. Mke akashika mikono yangu, machozi yanamtoka. "Mama, hawa batoto banakula sababu yako. Huyu bwana yangu ni muzembe, angetuua na njaa." Papa akainamisha kichwa mbele ya wanawe.

"Ni kweli," akasema. "Nilikuwa muzembe."

"Mungu akubariki, mama," mke akasema.

Niliitazama swichi. Nikaitikia, "Amina."