Taa ya Presha na Kumbikumbi wa Mzee Muthama

Msicheke kabla sijamaliza. Aibu niliyoipata Kanyangi ni ya kiasi kwamba mpaka leo nikisikia harufu ya mvua kwenye vumbi, masikio yananichoma. Nilikuwa nimetoka Voi juu ya lori la saruji hadi Kibwezi, nikapata jingine hadi Kitui nikiwa nimelalia magunia ya pojo, na kutoka hapo nikaenda kwa miguu na kwa mkokoteni wa ng'ombe, maana nilikuwa kijana ambaye hakuna mji uliomtosha (hata sasa, na mvi hizi, sijapona). Kanyangi nilidhani nitatulia. Nikafungua hoteli ya chai, nikampenda Mutheu aliyekuwa akiniletea maziwa, na baba yake, Mzee Muthama, akasema atakuja jioni moja aone kama huyu mgeni ana mahali pa kumweka mtoto wa mtu.

Sasa, mzee huyo ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa kamati ya soko, na kamati ilikuwa na sheria zake za taa. Jua likizama kila duka liwashe taa nje, kwa ajili ya wezi. Lakini mvua za kwanza zikinyesha, taa za nje zisiwashwe mpaka wenye vichuguu wamalize kukamata kumbikumbi wao. (Kule kichuguu kina mwenyewe, kama shamba. Anakifunika kwa matawi na blanketi, anachimba shimo kando na kuwasha kijimoto, kumbikumbi wanafuata mwanga na kutumbukia.) Mimi nikaona hayo ni mambo ya kizamani.

Siku ya mzee kuja, mvua ikamwagika mchana. Mutheu akapita mbio, kanga kichwani.

"Leo usiwashe taa ya nje. Baba anatoka kichuguuni ndiyo aje."

"Aje akute giza? Aseme hata mafuta ya taa sina?"

"Haya, washa. Utaona."

Nikawasha, tena si koroboi, ilikuwa taa ya presha niliyotoka nayo Voi, nikaipiga pampu mpaka ikanguruma, nikaitundika nje ya mlango, na ukuta wa posho mill ng'ambo ya barabara ukawa mweupe. Nikasimama chini yake na shati langu safi. Kumbikumbi wa kwanza akanigonga shavuni. Kisha wakaja kama moshi, wakaingia kwenye kola, kwenye chai, kwenye unga wa mandazi, kuku waliokuwa wamelala wakaamka wakaja mbio, na nyuma yao akina mama na mabeseni.

"Uuui! Mgeni ametuletea mpaka mlangoni!"

Nikapanda benchi nizime. Taa ilikuwa moto, nikaungua kidole, benchi likapinduka, nikaketi ndani ya sufuria ya chai (ilikuwa vuguvugu, namshukuru Mungu). Hapo ndipo Mzee Muthama alipotokea, blanketi begani, debe mkononi. Kichuguu chake, alichorithi kwa baba yake, kilikuwa nyuma tu ya hoteli yangu. Debe lilikuwa tupu.

Mzee akanitazama nilivyoketi, akachutama, akatoa kumbikumbi mmoja kwenye chai iliyonizunguka, akaniwekea kiganjani.

"Huyu ni wangu," akasema. "Anza kurudisha."

Watu walicheka, jamani! Nikatambaa kwa magoti na suruali inayochuruzika, nikiokota mmoja mmoja, na Mutheu ameshika nguzo, machozi ya kicheko yanamtoka. Debe lilipojaa mzee akasema, "Kuhusu msichana, utarudi kuuliza mvua zijazo. Nione kwanza kama unaweza kukaa gizani jioni moja."

Jioni moja tu, na mimi sikuweza kungoja. Miguu ilianza kuniwasha, kila mtu aliniita Debe, na asubuhi moja nikapanda lori la mbuzi lililokuwa likienda Kitui. Mutheu akanirushia kifurushi cha gazeti, kumbikumbi wa kukaanga, wana chumvi.

"Hata hawa si wako," akasema, na safari hii hakucheka.

Nimepita miji mingi tangu hapo. Nikifika mahali papya, kabla sijawasha taa ya nje, nauliza kwanza giza la pale ni la nani.