Ncha Alizozinyoosha Marehemu

Admin, naomba jina langu lisitoke, na kama utaweka picha usiweke ya mwanamke mnene. Kibondo ni ndogo, na wanene wa sokoni tunajulikana.

Nina miaka arobaini na nane, ni mjane, nauza maharage na unga wa muhogo. Binti yangu mkubwa anafundisha sekondari Kasulu. Wazazi wetu, wangu na wa marehemu mume wangu, walitoka Burundi zamani. Sisi tumezaliwa huku na ni raia, ila mila zetu hazikuomba uraia, zimebaki zilezile. Najua mtacheka mama mzima kuleta habari za nywele hapa. Chekeni, mimi mwenyewe nimewatangulia.

Tangu usichana wangu naweka dawa ya nywele, na kichwa changu hakijawahi kuizoea. Nikiweka nachubuka utosini, nalala kama nimemwagiwa uji wa moto, naapa sirudii, kisha narudia. Saluni nilikuwa siendi. Aliyekuwa akiniweka dawa ni mume wangu.

Hiyo ndiyo siri yenyewe. Mume wangu alikuwa mzee wa kanisa, mtu wa sauti nzito, watoto wa jirani wakimwona wanaacha kupigana. Lakini Jumamosi mchana tukishafunga pazia, alivaa glavu, akanipaka mafuta ya mgando masikioni na kwenye paji la uso, akagawa nywele kwa mkia wa kitana na kunipaka dawa taratibu, huku akinung'unika kwamba kichwa changu kina mabonde kuliko shamba lake. Alianza nilipokuwa na mimba, nimeshindwa kuinua mikono, na hakuacha tena. Aliniapisha nisimwambie mtu. Alisema, "Wakijua, nitasimama mbele ya nani kuomba?"

Mwaka jana presha ilimwangusha shambani, Busunzu. Tulimfikisha hospitali bado anapumua, lakini hakusema neno tena.

Kwa ukoo wao mjane hatengenezi nywele mpaka siku ya kuondoa msiba, wenyewe tunaita kuganduka. Anafunga kitambaa tu, na siku hiyo ndiyo ananyolewa. Nikafunga kitambaa. Huko ndani nywele zikaendelea na maisha yao. Chini zimeota za kwangu mwenyewe, kipilipili kigumu kama cha marehemu mama yangu, na utosi umepona, nimeupapasa nikashangaa. Nchani zimebaki zile zilizolala, alizozinyoosha yeye mara ya mwisho. Pale zinapokutana, zinakatika. Kila asubuhi naziokota kwenye mto na kuziweka pembeni, hata sijui nazitunzia nini.

Binti yangu ananiambia kwenye simu, "Mama, kata ncha zote ubaki na nywele zako za asili. Hiyo dawa itakumaliza." Hajui ananiambia nikate nini.

Nikatafuta njia ya katikati. Kuna mama mmoja Mkongo, alitoka kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, anasuka na kuweka dawa hapa mjini. Nilimwendea kwa siri. Akanishika kichwa, akaguna. "Mama, huku juu nywele ziko mbili, na ziko zinagombana," akasema. "Tuweke hii ya batoto. Haina nguvu. Italegeza ya chini, ifanane na ya juu."

Nikamwomba ajaribu kisogoni kwanza, sehemu ndogo tu. Kweli, dawa hiyo ya watoto ilikuwa laini, haikunichoma, na kipilipili kililegea vizuri. Lakini iliteleza hadi kwenye ncha, na ncha zilishakula dawa za miaka yote hiyo. Aliponifuta, zilibaki kwenye taulo. Nililia mpaka akadhani ameniunguza. Masikini, aliniomba radhi huku akinipepea na mfuniko wa kopo.

Nilirudi nyumbani nikamkuta mama mkwe amekaa barazani. Nikapiga magoti kumsalimia, harufu ikamfikia. Dawa ya nywele haifichiki, hata chini ya vitambaa viwili.

"Mukazana," akaniita, ndivyo anavyoniita kama mke wa mwanawe. "Kichwa chako kinanuka dawa."

Nikakaza fundo la kitambaa.

"Hatujaganduka, na wewe unajipamba. Unajipambia nani?"

Tangu siku hiyo hajala chakula changu. Wifi zangu hawaitiki salamu. Kanisani kiti cha pembeni yangu kinabaki wazi, na hata kwa mwili wangu huu si kwamba nilikuwa nahitaji viti viwili. Shemeji amesema siku ya kuganduka, mwisho wa mwezi huu, nitasimama mbele ya ukoo na kumtaja huyo mwanaume kabla sijanyolewa.

Mwanaume ninaye wa kumtaja. Ni ndugu yao, marehemu mwenyewe. Nikisema, najisafisha kwa sentensi moja, ila nitakuwa nimemtoa nje na glavu zake, mbele ya wadogo zake waliokuwa wakimwogopa. Na huenda mama yake akasema namtukana maiti.

Yule mama Mkongo anasema za mbele bado zinaokoka, atazipaka ncha mafuta mazito kwanza, dawa iguse za chini tu. Lakini nikiweka tena na kukataa wembe, nitakuwa nimekubali kila wanalosema. Nikikubali wembe, kitakachoota ni kipilipili changu tu, kwenye utosi uliopona, jambo ambalo, Mungu anisamehe, nalitaka pia.

Nishaurini jamani, mnaojua nywele na mnaojua wakwe. Msinitukane, hiyo kazi nyumbani wameshaimaliza. Nikinyamaza wakanyoa, nitakuwa nimemsitiri mume wangu, au nitakuwa nimemzika mara ya pili?